Maswali ya Gereji: Praima ya Epoksi, Kopo Lipi Linafaa kwa Pesa Yako?

Wasomaji wa Mtwara na Lindi wanaofufua magari ya zamani wametuandikia kwa wingi kuhusu praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza inayopigwa kwenye bati kuzuia kutu: ipi inunuliwe, inapigwaje, na kwa nini wakati mwingine inaharibika hata kabla rangi ya juu haijazoeleka machoni. Maswali tumeyafupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo pesa ya mtu inaweza kupotea.

Shikamooni wataalamu. Nina Corolla ya mwaka 1983, nimeivua rangi yote hadi bati. Dukani nimeonyeshwa makopo matatu. La kwanza ni la bei ya chini, limeandikwa epoksi lakini halina hadina. La pili ni epoksi ya viwandani, ya matenki, lina hadina yake. La tatu ni la magari na bei yake imenishtua. Nichukue lipi, na kiasi gani?
*Msomaji, Mikindani*

Marahaba. Kopo la kwanza liache hapo hapo dukani. Epoksi inayostahili jina hilo huja makopo mawili, praima na hadina, na haigandi mpaka yachanganywe. Ile ya kopo moja ni jamii ya rangi za mafuta iliyotengenezwa na epoksi ndani yake. Hukauka kwa hewa kama redi oksaidi ya kawaida, na thina kali ya rangi ya juu ikiigusa inaweza kuinyanyua na kuikunja. Kwa geti la nyumba inatosha. Chini ya rangi ya gari lililovuliwa hadi bati, haitoshi.

Kazi iko kwenye kuchagua kati ya la pili na la tatu. Usilikatae la matenki kwa sababu tu halina picha ya gari. Epoksi nyingi za viwandani hushika chuma na kuzuia kutu vizuri sana, na mara nyingi kwa lita ni nafuu. Cha kuangalia ni aina yake. Mwombe muuzaji karatasi ya maelezo ya bidhaa. Kama hana, andika jina kamili na namba ya bidhaa iliyo kwenye kopo, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa.

Ikiwa ni epoksi yenye zinki nyingi, ile ambayo unga wa zinki ndio uliojaa ndani, usiichukue. Imekusudiwa chuma kizito kilichosafishwa kwa kupigwa mchanga wa presha, na bati jembamba la mlango halipewi maandalizi hayo. Ikiwa ni masitiki, yaani epoksi ya koti nene, au karatasi inasema koti moja likikauka ni mikroni 150 hadi 200 (mikroni 1,000 ni milimita moja), hiyo ni nzito mno kwa boneti na milango. Itaacha uso wenye vinundu kama ganda la chungwa, utakaoupiga msasa wiki nzima. Kwa chesisi na chini ya sakafu, hata hivyo, masitiki ni mali safi. Unayoitaka kwa bodi ni epoksi yenye zinki fosfeti, madini ya kuzuia kutu, ambayo koti moja likikauka ni mikroni 30 hadi 50, na karatasi iseme wazi kwamba inapigika msasa na inapokea juu yake rangi za akriliki au poliyurethani. Ukiipata ya viwandani yenye sifa hizo, inunue bila wasiwasi. Ukiona neno kromati kwenye kopo, achana nalo hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu vumbi lake wakati wa msasa lina madini yanayosababisha saratani.

Sasa bei. Kinachobaki kwenye bati rangi ikishakauka huitwa yabisi. Sehemu nyingine ni thina inayopaa hewani, na unailipia vile vile. Kwa hiyo usilinganishe bei kwa kopo, linganisha kwa lita ya yabisi. Chukua bei hizi za mfano tu. Seti ya kwanza ni lita 4 za praima na lita 1 ya hadina, jumla lita 5, yabisi asilimia 55 kwa ujazo. Humo mna lita 2.75 za yabisi. Ikiuzwa shilingi 165,000, lita moja ya yabisi inakugharimu 60,000. Seti ya pili ni lita 2 kwa lita 2, jumla lita 4, yabisi asilimia 38, sawa na lita 1.52. Ikiuzwa shilingi 114,000 inaonekana rahisi, lakini lita ya yabisi ni 75,000. Utapiga makoti mengi zaidi kufikia unene ule ule. Asilimia hiyo lazima iwe ya ujazo. Baadhi ya karatasi huandika ya uzito, ambayo daima husomeka kubwa zaidi na itakudanganya hesabu.

Kiasi: Corolla kwa nje ina eneo la kama mita za mraba 11. Ongeza kingo za milango, ndani ya boneti na ndani ya buti, tuseme 15. Ukitaka mikroni 60 kavu kwa makoti mawili, zidisha 15 kwa 60 upate mililita 900 za yabisi (mita moja ya mraba kwa mikroni moja ni mililita moja). Kwa praima ya asilimia 55 hiyo ni lita 1.64 iliyochanganywa. Bunduki ya kupulizia hupoteza karibu nusu hewani, hivyo andaa lita 3.3. Seti ya lita 5 inakutosha na kubakiza ya kurudia sehemu zitakazotiwa puti ya kusawazisha mabonde.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha makopo yote mawili yamefungwa kiwandani, ni ya kampuni moja na hadina ndiyo iliyotajwa kwenye karatasi. Soma tarehe ya kutengenezwa na muda wa kuisha, angalia namba ya toleo na nembo ya TBS, shirika la viwango. Usinunue epoksi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Hujui uwiano wake, hujui umri wake, na hadina iliyokaa wazi kwenye hewa yetu ya pwani imeshaanza kuharibika. Ukiagiza Dar es Salaam, kopo lije kwa gari la mizigo. Ni bidhaa inayoshika moto haraka, mahali pake si chini ya kiti cha abiria.

Na ukishanunua, jaribu kwanza kwenye kipande cha bati kabla hujagusa gari. Kipige msasa namba 80, kisafishe, puliza makoti mawili, ukiache siku 7. Chora kwa wembe mistari 6 na mingine 6 ya kuikata, nafasi ya milimita 2, bandika selotepu nzito uivute kwa nguvu. Viboksi visitoke. Kisha kwaruza alama ya X hadi chuma kionekane, loweka nusu ya kipande kwenye maji ya bahari kwa wiki 2. Kutu itatokea kwenye mkwaruzo, hilo halizuiliki. Tazama kama imetambaa chini ya praima pembeni ya mkwaruzo. Isipotambaa, kopo lako ni zuri, liwe la matenki au la magari.

Praima ya epoksi niliyompigia mteja ina siku ya tatu bado inanata kidole. Niliongeza hadina kidogo ili iwahi kukauka, na thina nilitumia ile ya kawaida ya rangi za gari. Tatizo ni hadina mbovu?
*Fundi rangi, Masasi*

Huenda hadina ni nzima kabisa. Mazoea ya puti ndiyo yamekuponza. Kwenye puti ya poliesta, hadina ni kichocheo tu: ukizidisha kidogo inawahi, ukipunguza inachelewa. Kwenye epoksi, hadina ni sehemu ya rangi yenyewe. Kila chembe yake hushikana na chembe ya praima, na zile zilizozidi hazina wa kushikana naye, zinabaki humo ndani laini na zenye kunata. Kwa hiyo uwiano ukiwa 4 kwa 1, ni 4 kwa 1 kwa kikombe chenye mistari ya vipimo, wala si kwa kukisia kwa jicho. Angalia pia kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito. Praima ni nzito kuliko hadina, na ukipima kwa mizani uwiano wa ujazo utakosea.

Kabla ya kumimina, koroga praima mpaka chini kabisa kwa kijiti bapa. Zinki fosfeti na madini mengine hutuama, na ukimimina juu juu unapiga gundi bila kinga ya kutu.

Thina nayo imechangia. Thina ya bei rahisi huruka haraka, ikiruka hupoza bati, na bati lililopoa huvuta unyevu wa hewa. Sehemu nyingine hunaswa ndani ya koti kwa sababu juu pamekauka kabla ya chini. Tumia thina iliyotajwa kwenye karatasi, na usivuke asilimia 10 bila sababu.

Gari la mteja lifanyie hivi. Liache juani siku 3 zaidi, kisha bonyeza kwa ukucha na usugue kitambaa chenye thina mahali pasipoonekana. Pakiwa pagumu na kitambaa kimebaki safi, ilikuwa thina iliyonaswa, endelea na msasa namba 320. Rangi ikija kwenye kitambaa, ule mchanganyiko hautakaa ugande. Uvue wote kwa kikwangulio na thina uanze upya. Kupiga rangi juu yake ni kuahirisha ugomvi na mteja.

Jambo moja tunaloliona likirukwa: praima nyingi zikishachanganywa zinataka kutulia dakika 15 hadi 30 kabla ya kupulizwa, ili pande mbili zianze kushikana. Karatasi itasema. Kwenye joto la nyuzi 30 muda huo hupungua.

Pikapu yangu inabeba samaki na barafu kutoka ufukweni. Ilivuliwa, ikapigwa epoksi ya gharama na rangi safi. Masika moja tu, vimechomoza vipele chini ya milango na kwenye bodi la nyuma. Nikitoboa kipele kinatoa maji. Nimeuziwa feki?
*Msomaji, Lindi mjini*

Maji ndani ya kipele yanakueleza kilichotokea. Epoksi haizuii mvuke wa maji asilimia mia. Hupenyeza kidogo kidogo. Chini yake kukiwa na chumvi, chumvi ile huyavuta maji kupitia kwenye rangi, yanakusanyika, na shinikizo lake linainua koti. Hata praima bora duniani hufanya hivyo ikipigwa juu ya chumvi. Kwa gari la Lindi, Kilwa au Mtwara, kuosha chumvi ndiyo hatua yenye thamani kuliko kopo lenyewe, na ndiyo ambayo mafundi wengi hawaihesabu kwenye bei.

Chumvi haiondoki kwa msasa. Hujificha kwenye vishimo vya kutu, na msasa hupita juu yake huku ukiisukuma ndani. Haiondoki kwa thina pia, kwa sababu chumvi huyeyuka kwa maji. Anza hivi: kabla ya msasa wowote, osha gari lote kwa sabuni ya maji na maji baridi yasiyo na chumvi, kwa presha kama unayo, ukielekeza ndani ya matao ya magurudumu na kwenye matundu ya chini ya milango. Angalia maji unayotumia. Visima vingi karibu na bahari vina magadi au chumvi, na ukisuuza nayo unarudisha ulichokitoa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tenki safi ni mazuri.

Baada ya kuvua rangi na kutoa kutu kwa grinda, rudi kwenye vishimo. Visugue kwa brashi ya waya na maji safi, suuza, kausha kwa upepo wa kompresa na jua. Kisha acha usiku mmoja mahali pakavu utazame asubuhi. Bati safi litakuwa na wekundu mwepesi uliosambaa. Vishimo vilivyogeuka vyeusi au vimetoka madoa ya kutu mazito peke yake bado vina chumvi. Rudia. Bodi la kubebea samaki linaweza kudai kurudiwa mara 2 au 3, na pengine palipooza sana pakatwe na kuchomewa bati jipya.

Likishatulia, futa mafuta kwanza, ndipo upige msasa namba 80 hadi 120, kisha futa tena. Ukianza na msasa unayasugua mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia kisafishio cha mafuta na nta, vitambaa viwili vya pamba: cha kwanza kibichi, cha pili kikavu kinachofuata nyuma yake kabla kisafishio hakijaruka. Kanga kuukuu iliyofuliwa vizuri inafaa. Petroli haifai, ina mabaki ya mafuta. Vaa glavu, kwani jasho la kiganja lina chumvi na hata alama ya vidole inaweza kuchomoza kutu. Praima ipigwe siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache.

Kama unatumia asidi ya fosfori kuua kutu, isuuzwe kwa maji ingali mbichi, isiachwe ikakaukia. Asidi iliyobaki hugombana na hadina ya epoksi, nawe utaona praima inabanduka vipande vipande. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke praima ya asidi chini ya epoksi, isipokuwa karatasi ya epoksi yako iruhusu.

Hatimaye zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, na mkeka wa mpira kwenye bodi uwe unauinua na kusuuza kila ukishusha samaki. Kwa wenzetu wanaobeba salfa ya mikorosho, shauri ni hilo hilo: unga wa salfa ukikaa na unyevu kwenye pembe za bodi hula bati haraka.

Puti inakaa juu ya epoksi au chini yake? Na nikishapiga epoksi nikakosa pesa ya rangi kwa wiki 3, nifanyeje?
*Msomaji, Newala*

Juu yake. Puti ya poliesta hunywa maji, na ikikaa kwenye bati tupu huyafikisha moja kwa moja kwenye chuma. Piga epoksi makoti mawili, subiri igande (mara nyingi saa 24), kwaruza sehemu ya kuziba kwa msasa namba 80 bila kufika kwenye chuma, weka puti, sawazisha, kisha rudishia epoksi koti moja juu ya puti. Zibo la viungo vya bati nalo huwekwa juu ya epoksi.

Wiki 3 si janga. Kila epoksi ina dirisha la kupokea koti lingine bila msasa, kwa nyingi ni kati ya siku 1 na siku 7, na kwa joto letu chukua upande wa chini. Dirisha likipita, uso umeshakuwa mgumu kiasi kwamba rangi mpya haiung'ati. Osha, piga msasa namba 320 mpaka mng'ao wote upotee, futa, endelea. Cha hatari ni kuliacha gari nje. Jua huifanya epoksi itoe unga mweupe juu, na rangi ikipigwa juu ya unga huo itabanduka nao. Likae chini ya paa, au funika kwa turubai lililoinuliwa lisigusane na bodi.

Napiga asubuhi na mapema kabla ya upepo na vumbi. Praima ikikauka inakuwa na utando wa utelezi kama mafuta. Nikifuta kwa thina haitoki vizuri.
*Fundi, Chikongola, Mtwara*

Huo utando ni hadina iliyokutana na unyevu na hewa ukaa kabla haijashikana na praima. Alfajiri ya Mtwara ndiyo saa mbaya kuliko zote. Hewa ikiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 90, umande hutunga kwenye nyuzi 23 hivi. Bati lililolala nje linaweza kuwa limefika hapo, likavaa umande mwembamba usiouona. Kanuni ni kwamba bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kipima unyevu kidogo cha ukutani kinatosha kukuongoza.

Anza saa 4 asubuhi bati likishapata joto, maliza saa 9 alasiri ili koti ligande kabla ya ubaridi wa magharibi. Upepo na vumbi vizuie kwa pazia la nailoni na kumwagia sakafu maji nusu saa kabla. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, ndiyo ya kupangia kazi kubwa. Wakati wa mvua subiri siku kavu.

Utando uliopo hauyeyuki kwa thina, unayeyuka kwa maji. Osha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na sponji ya kusugulia, suuza, kausha, ndipo msasa. Na toa maji kwenye tenki la kompresa kila siku kabla ya kazi. Kwa hewa yetu hujaa haraka, na kichujio kimoja kilichochoka kitatema matone juu ya boneti nzima.

Land Rover 109 ya marehemu baba ina bodi ya alumini. Epoksi itashika?
*Msomaji, Nachingwea*

Pole kwa msiba. Itashika vizuri, na kwa gari hilo epoksi ndiyo praima tunayoipendekeza kuliko zote. Alumini hujivika ngozi nyembamba ya oksaidi mara tu inapokwaruzwa, kwa hiyo futa mafuta, piga msasa namba 120 hadi 180, futa tena, na praima ifike ndani ya saa 4. Usitumie brashi ya waya wa chuma wala msasa uliotoka kwenye kazi ya chesisi. Chembe za chuma huzama kwenye alumini na kuanzisha madoa ya ulikaji.

Alumini inapokutana na chuma, kama kwenye ukuta wa mbele wa kabini na vishikizo vya bodi, hujitengenezea umeme mdogo unaoila alumini. Utaona unga mweupe. Fungua boliti, piga epoksi pande zote mbili, rudishia ukiweka washa (ringi bapa) ya nailoni au kipande cha mpira kati yake.

Tunasikia mafuta ya maganda ya korosho yanatumika kutengeneza hadina ya epoksi. Huku maganda ni mengi. Naweza kujitengenezea?
*Msomaji, Tandahimba*

Ulichosikia ni kweli. Ndani ya mafuta hayo mna kadanoli, na viwanda huigeuza kwa kemikali kuwa hadina iitwayo fenalkamini. Ni hadina nzuri kwa pwani: hugandisha haraka, huvumilia unyevu kuliko nyingi, na hutumika sana kwenye epoksi za meli. Ukiiona imetajwa kwenye karatasi ya kopo la viwandani, ihesabu kuwa ni sababu ya kulinunua. Rangi yake huelekea umanjano au uwekundu, jambo lisilo na madhara kwa praima iliyofunikwa.

Nyumbani haiwezekani. Mafuta ghafi hayagandishi epoksi mpaka yapitishwe kiwandani, na yanaunguza ngozi, kama anavyojua kila aliyebangua korosho kwa mkono. Ukiyatia kwenye praima utapata tope lisilokauka.

Mdogo wangu anapuliza rangi gerejini kwangu, anavaa barakoa ya kitambaa. Siku hizi mikono inamwasha na kutoka vipele kila akishika epoksi.
*Dada mwenye gereji, Ligula*

Dada, msimamishe kugusa epoksi mara moja na apelekwe hospitali, akiwa amebeba jina la bidhaa. Ngozi yake imeshaanza kuikataa hadina, na hali hiyo ikishaingia huwa ya kudumu. Kila akigusa, hata kidogo, itarudi. Wanaoendelea na kazi wavae glavu za nitrili na mikono mirefu, wanawe kwa sabuni na maji, kamwe si kwa thina, kwani thina huipeleka hadina ndani ya ngozi. Kitambaa hakizuii mvuke. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichungi vya mvuke wa kemikali, vyenye mstari wa kahawia, pamoja na chujio la vumbi mbele yake. Vichungi vitunzwe ndani ya mfuko uliofungwa baada ya kazi, la sivyo huendelea kunywa hewa na kuisha. Sigara na jiko la mkaa viwe mbali. Mvuke wa thina hutambaa chini sakafuni hadi kwenye moto.

Sina kompresa. Naweza kupaka kwa brashi? Na iliyobaki naitunzaje?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Chesisi, sakafu, ndani ya matao na tenki la mafuta kwa nje, paka kwa brashi bila hofu. Kwenye pembe na mishono ya kuchomea brashi hata inaishinda bunduki, kwa kuwa unaisukuma rangi iingie. Tumia brashi ya manyoya magumu, usiongeze thina, paka koti la kwanza ukilisugua kwenye vishimo, la pili baada ya saa 4 hadi 6. Milango, boneti na paa tafuta mwenye kompresa na bunduki yenye pua ya milimita 1.6, presha ya bar 2, koti moja kisha dakika 20 hadi 30 ndipo la pili.

Changanya kile tu utakachomaliza. Muda wa kutumika ulioandikwa kwenye karatasi kwa kawaida ni wa nyuzi 20 au 23, na kila joto linapopanda nyuzi 10 muda hupungua karibu nusu: saa 4 za karatasi ni kama saa 2 kwenu mchana. Rangi ikianza kuwa nzito kikombeni usiirudishe kwa thina, itapakika lakini haitashika. Makopo ambayo hayajachanganywa futa mdomo wake, gonga kifuniko mpaka kikae, yaweke kivulini juu ya ubao, la hadina mbali na unyevu, na andika juu yake tarehe uliyofungua.